Donge Lisilopondeka

Haya nilisimuliwa na binti mwenyewe, mwisho wa mvua zilizopita, alipokuja kunifumulia godoro langu lililokuwa limebonyea katikati kama njia ya ng'ombe. Alikaa mkekani, sindano mkononi, akawa anashona na kusema, anasema na kushona, na kila alipofika mahali pagumu alikata uzi kwa meno hata kama uzi ulikuwa bado mrefu.

Kwao ni mafundi wa magodoro. Si haya ya sponji yanayouzwa yamekunjwa, ni yale ya sufi, ya kushona kwa mkono, ambayo mtu huyalalia mpaka akamrithisha mjukuu. Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba: sakafu ya saruji, madirisha yaliyofungwa mchana kutwa ili upepo usiondoke na mali, na sufi juu ya kila kitu, kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye ndevu za mteja aliyeingia kuulizia tu. Fundi ni mama. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga sufi kwa fimbo mpaka iumuke, akaijaza, akashona kwa shazia, ile sindano nene ndefu ambayo mkono usioizoea hutoka nayo damu.

Binti kazi yake ilikuwa ya mwisho. Godoro likishajazwa, kabla halijafungwa mdomo, alipiga magoti pembeni yake akalipapasa. Vidole vitatu vya katikati, vikiwa bapa, si kwa ncha. Anazungusha kiduara kidogo, anasogea, anazungusha tena, mstari baada ya mstari kama mtu anayepalilia shamba, mpaka pembezoni, mpaka kwenye kona ambako mvivu hafiki. Akikuta mbegu anaitoa. Akikuta donge analiponda taratibu juu ya kitambaa mpaka linyambuke. Hakuna mbegu iliyompita, na ndiyo maana nyumbani na mtaani walimwita Kidole, na jina la shule likabaki la mwalimu peke yake.

"Donge halina ubishi na mkono wenye subira," mama alikuwa akisema.

Ilikuwepo sheria nyingine, isiyotajwa sana kwa kuwa haikuhitajika sana. Likitokea donge lisilosogea, lililoshikana na kitambaa chenyewe, hilo halipondwi. Hapo kuna kitu kimenaswa na uzi. Ukiliponda utachosha mkono na kupasua kitambaa, nalo litabaki palepale. Hilo, fumua.

Basi dada yake Kidole akaja kujifungulia kwa mama. Mume wake ni dereva wa lori, mtu wa safari za mbali, mwema lakini hayupo. Sauti yake waliijua zaidi ya sura. Dada alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja, mchanga wa wiki chache, na tangu hapo alikuwa hacheki mpaka mwisho wa kicheko, anakatisha njiani. Safari hii alizaa mtoto wa kiume mwenye nguvu, kakunja uso tangu siku aliyozaliwa, anadai hiki na kukataa kile, nyumba nzima inamtumikia. Wakamwita Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa na tabia moja. Titi la kulia alilinyonya kwa pupa. La kushoto alilishika, akanyonya kidogo, akaliachia, akageuza uso na kulia kwa hasira.

"Keshachagua hoteli yake," mama alisema siku za mwanzo. "Hiyo nyingine chakula hakimpendezi."

Walicheka. Kisha dada akasema kwamba lile la kushoto lina kitu ndani, upande wa juu kuelekea kwapani. Mama akaligusa, akaitikia kwa kichwa. Maziwa yameganda. Mwanamke gani aliyezaa asiyelijua donge la maziwa? Dawa yake ni taulo la maji ya moto na mkono wa kukanda, jioni kwa jioni, mpaka liyeyuke. Lakini viganja vya mama vilikuwa vimekomazwa na shazia, vinakwaruza hata kitambaa. Akamwita binti mdogo.

"Kidole, njoo umkande mwenzio. Si sufi hiyo, ni nyama, taratibu."

Ikawa kazi ya kila jioni. Kidole anatoka shule, anapapasa magodoro, ananawa, anachukua beseni na kuingia chumbani. Dada analala chali, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shuka kati ya meno.

"Mkono wako mwepesi," alimwambia. "Ungekuwa wa mama ningekwisha kuitwa marehemu."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Kwani kusema kunaua?"

Kidole alizungusha vidole kama alivyofundishwa. Donge lilikuwepo. Kesho yake lilikuwepo. Mheshimiwa akaanza kuinua shingo, akaanza kucheka na ukuta, nalo lilikuwepo, na halikuwa limepungua hata chembe. Mama akipita mlangoni na sufi kichwani alikuwa akiuliza swali lilelile, "Linalainika?"

Jioni moja, kabla mama hajapita, dada alimshika Kidole mkono.

"Mama akiuliza, mwambie linalainika."

"Lakini halijalainika."

"Najua. Titi si langu? Wewe sema hivyo."

"Kwa nini?"

Dada alimtazama Mheshimiwa aliyelala ubavuni, ngumi zimefumbwa. "Wakinipeleka hospitali jambo la kwanza wataniambia nimwachishe. Yule wa kwanza maziwa yangu yalikataa kutoka, nikampa ya kopo, ukaona tulikoishia. Huyu atanyonya mpaka ajue kunitukana. Umenisikia?"

Kidole alisikia. Mama alipopita akauliza, akajibiwa, "Kidogo, mama." Mama akashukuru Mungu akaendelea na kazi. Na neno likishatoka mara moja, la pili halisubiri kuitwa. Kidogo, mama. Linaendelea vizuri, mama. Mwenyewe akakaribia kuliamini.

Sasa shuleni kwao akaja muuguzi. Mama mnene mfupi, viatu vyeupe, sauti ya kuuza samaki. Akawatoa wavulana wote uwanjani wakacheze mpira, akafunga mlango wa darasa, akawaambia wasichana kwamba leo watazungumza juu ya matiti. Darasa zima likaangusha vichwa juu ya madawati kwa kicheko.

Palikuwa na msichana mmoja, rafiki yake Kidole, waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi. Akanyoosha mkono.

"Sista, mimi hapa hata pa kupapasa hapapo. Ni kama kutafuta kilima kwenye uwanja wa mpira."

"Hata uwanja una mawe, mwanangu," muuguzi akamjibu. "Na wewe utapapasa."

Akawaeleza. Hedhi ikishapita siku kadhaa, matiti yakiwa hayajavimba, ujitazame kwenye kioo, mikono chini, kisha mikono juu. Utazame ngozi, je, imebonyea mahali, imekuwa kama ganda la chungwa? Chuchu, je, imeingia ndani, inatoa kitu? Kisha ulale, mkono nyuma ya kichwa, na vidole vitatu vya mkono wa pili, bapa, viduara vidogo, mstari kwa mstari, mpaka kwapani.

Kidole alikaa na mdomo wazi. Ilikuwa ni kazi yake ya kila siku inasomwa ubaoni.

"Kwa umri wenu," muuguzi alisema, "saratani ni nadra sana. Ukikuta kitu, mara nyingi si kibaya. Sitaki mtu akimbie analia. Nataka kila mmoja aujue mwili wake ulivyo, ili siku ukibadilika awe wa kwanza kujua. Na akijua, aseme. Vidole vinagundua tu. Kusema ni nini, hiyo ni kazi ya hospitali."

Mwisho akasema ana shida. Anazunguka shule nyingi na hana kitu cha kuwashikisha watoto. Alichonacho ni soksi iliyojazwa matambara, na imetoboka. Nani anajua kushona?

Redio hakungoja. "Sista, huyu hapa, binti wa godoro. Kwao hata paka analala kwenye sufi."

Wakacheka, na Kidole akakubali. Muuguzi akamkalisha pembeni na kumweleza anachotaka: titi la kitambaa, kubwa kiasi cha kujaza kiganja, na ndani yake madonge matatu. Moja laini, linalobonyea na kutawanyika ukilikanda, kama lile la maziwa kwa mama anayenyonyesha. La pili la mviringo, linaloteleza chini ya kidole, maana ndilo linaloonekana zaidi kwa wasichana na halidhuru, ingawa nalo sharti lipimwe. "Na la tatu," muuguzi akasema, "gumu, kingo zake hazieleweki, halisogei. Kama limeshonewa. Si kila baya liko hivyo, lakini hilo nataka walijue."

Siku ya pili yake mama alikwenda kupeleka godoro kwa mteja. Kidole akakaa peke yake karakanani. Akakata kitambaa cha rangi ya udongo, akakishona, akajaza sufi safi iliyopigwa vizuri. Donge la kwanza akalisokota kwa sufi yenyewe. La pili akatumia gololi, akaizungushia mfuko wa plastiki uliopakwa mafuta, ikawa inakimbia chini ya kidole kama panya chini ya busati. La tatu akaokota kokoto yenye mapembe, akaifunga kwa kitambara, akaishonea kwa ndani, upande wa juu, kuelekea pembeni. Alipovuta uzi kukaza, kitambaa cha nje kikabonyea, pakatokea kijishimo.

Alikitazama kile kijishimo. Alikwisha kukiona mahali. Kila jioni, dada akinyanyua mkono kuuweka nyuma ya kichwa, ngozi ilikuwa ikivutwa hivyohivyo, na yeye alikuwa akidhani ni mkunjo wa shuka umeacha alama.

Akafumba macho, akaweka vidole vitatu, akazungusha. La kwanza likabonyea. La pili likakimbia. Alipofika kwenye la tatu vidole vikasimama vyenyewe. Akasikia joto la taulo ambalo halikuwepo. Akasikia harufu ya maziwa. Vidole vilikuwa vinalijua lile donge kama vinavyojua kitasa cha mlango wa nyumbani gizani.

Alifumbua macho, akaukata uzi kwa meno.

Jioni hakukanda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, taulo linapoa mapajani.

"Dada, lile si maziwa."

"Umekuwa daktari lini?"

"Halisogei. Maziwa yanasogea. Na ngozi inavutwa, njoo ujitazame kwenye kioo, inua mkono."

"Mimi nimezaa mara mbili, wewe hata kufua nguo zako mpaka uambiwe." Dada alimvuta Mheshimiwa akamweka titi la kulia. "Tena sikiliza. Umeshamwambia mama linalainika, siku zote hizo. Leo ukibadilisha maneno, nani atakuamini? Atakuuliza, ulikuwa unadanganya jana au unadanganya leo?"

Hilo lilimfunga Kidole mdomo kama shazia inavyofunga godoro. Mama yao hakuwa mtu wa kupiga. Mtoto akidanganya alikuwa anamtazama tu, halafu kwa muda mrefu hamtumi kitu, hamwiti jina, kazi zake anazifanya mwenyewe. Kwa Kidole fimbo ingekuwa nafuu. Na zaidi ya hapo, atoke wapi, mtoto wa shule, amwambie fundi aliyezaa na kulea kwamba mkono wake umekosea? Alilala na maneno yake. Asubuhi akaamka nayo, yakaenda naye shuleni, yakarudi naye.

Alichofanya ni hiki. Mama alikuwa hatoi kazi nje ya karakana bila kuikagua, iwe godoro la harusi au mto wa mtoto. Basi alimkuta amekaa juu ya gunia la sufi anapumzisha mgongo, akampa lile titi la kitambaa.

"La sista wa shule. Nikagulie kabla sijalipeleka."

Mama aliligeuza, akacheka kwa pua. "Shule za siku hizi. Sisi tulichora ramani." Kisha akakaa sawa, akaweka vidole vyake vigumu, na uso wake ukawa wa kazi.

"Hapa kuna donge. La sufi tu, hili litanyambuka." Akasogea. "Na hapa, ee, linakimbia. Umetia gololi. Ya nani hiyo, mtoto wa watu atalia." Akasogea tena, akafika juu, pembeni. Vidole vikazunguka mara moja, vikarudi, vikabonyeza. Uso ukakunjamana.

"Hili umelishonea."

"Ndiyo, mama."

"Ndilo sista alilotaka?"

"Ndilo. Mtu akilikanda, mama, litalainika?"

"Hili? Utakanda mpaka uzeeke. Utapasua kitambaa bure. Nilikufundisha kabla hujang'oa meno ya utoto, lisilosogea halipondwi. Unafumua."

Kidole alipiga magoti mbele yake, kama anavyopiga magoti mbele ya godoro.

"Mama, ndilo ninalomkanda dada kila jioni."

Vidole vya mama vilibaki palepale juu ya kokoto. Sufi zilikuwa zinashuka hewani polepole kwenye mwanga wa dirisha, moja ikatua kwenye kope zake na hakuipangusa.

"Si ulisema linalainika?"

"Nilidanganya."

"Nani alikwambia udanganye?"

Kidole aliinamisha kichwa. Hakumtaja mtu. Jibu lilitoka mlangoni, ambako dada alikuwa amesimama na Mheshimiwa begani, hakuna ajuaye tangu lini.

"Mimi, mama. Mwache mtoto."

Mama hakumtazama Kidole kwa lile jicho lake. Aliinuka, akamwendea binti mkubwa, akamfungua kifungo cha gauni kama alivyokuwa akimfungua alipokuwa mdogo, akaweka mkono. Hakuhitaji muda mrefu. Akafunga kifungo.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Mwambie mumeo."

Hospitali ilikuwa na benchi refu lililochakazwa na makalio ya watu, na ukuta wa kijani uliofifia usawa wa vichwa walikoegemea. Dada alichomwa sindano ya kutoa kinyama, akapigwa picha, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa angoje. Dereva wa lori alikuja na vumbi la njiani usoni, akakaa benchini kati ya mkewe na mama mkwe, mikono katikati ya magoti, na kila daktari akipita aliinuka kidogo kama anayetaka kumpisha.

Daktari aliyewaita alikuwa mwanamke kijana. Hakuzungusha maneno. Ni saratani, na imeshafika kwapani. Itaanza dawa ya dripu, kisha titi litaondolewa. Mtoto aachishwe leo.

Dada alisikiliza yote. Lile la mwisho ndilo lililomtoa machozi.

Mama akauliza alilokuwa amelibeba tangu karakanani. "Daktari, sisi tulilikanda. Kila siku, na maji ya moto. Ndivyo tulivyolisambaza?"

"Hapana, mama. Kukanda hakukulisambaza."

"Sema kweli. Mimi ni mtu mzima."

"Hiyo ndiyo kweli. Kilichotuumiza ni muda. Tungemwona alipoanza kulihisi, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Njiani alimwambia Kidole kwamba heri angeambiwa ni mikono. Mikono mtu anaweza kuikata. Muda unakata nini?

Mheshimiwa alilia siku chache akakwaruza kifua cha mama yake, kisha akalipokea kopo. Alilipokea vizuri mno. Akanenepa, mashavu yakafunika masikio, na muuguzi wa watoto alipoulizwa juu ya yule wa kwanza alisema kwamba kwa dalili walizomweleza, mtoto yule angefariki hata kama angenyonya asali. Dada aliposikia hayo aligeukia ukutani. Alikuwa amelinda mlango ambao mwizi hakuupitia.

Titi la kitambaa lilikwenda shule nyingi. Muuguzi wa shule alirudi kuomba mengine, na Kidole akayashona yote, la tatu daima akiliacha mwisho. Redio naye alijipapasa uwanja wake akakuta kitu, akasema siku hiyohiyo, akapelekwa, kikakutwa ni kile cha kuteleza kisichodhuru. Alirudi akatangaza shule nzima, mpaka walinzi wa geti wakajua. Kidole alicheka pamoja na wenzake, kisha akaenda chooni akakaa huko mpaka kengele ikalia. Hakumwonea kijicho Redio. Alikuwa anafikiria tu jinsi lilivyo jambo dogo, kusema.

Dada alipoteza nywele, akapoteza titi, akapata nafuu. Alirudi karakanani akawa anakata nyuzi na kuwatania wateja. Mume akaanza kuongea habari za kumrudisha nyumbani kwao. Kisha kikaja kikohozi. Mama alisema ni sufi, kila mtu nyumba ile anakohoa. Alipolisema tu aliweka fimbo chini, akaenda kutafuta kadi ya hospitali bila kungoja jioni. Safari hii hakuna aliyechelewa, na haikusaidia. Lilikwisha kusafiri, liko mapafuni, liko kwenye mifupa. Walimpa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, wakamwambia akae na watu wake.

Mama alimshonea godoro jipya. Alichagua sufi kwa mkono, nyuzi ndefu tupu, akaipiga mpaka fimbo ikavunjika, kwa sababu mifupa ya dada ilikuwa haitaki kuguswa na kitu kigumu.

Ilikuwa mchana wa mvua. Bati lilikuwa linapigwa mpaka watu wanasogeleana ili wasikilizane. Wateja hapana, mume yuko njiani na mzigo, atafika kesho. Mheshimiwa alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto, kama bosi. Mama alikuwa kitini anashona ukingo wa foronya ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Kidole," dada aliita. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba. "Hedhi yako imepita?"

"Imepita, dada."

"Basi lala hapa. Jipapase, nikuone."

Kidole alimtazama mama. Mama aliendelea kushona, lakini sindano ilikuwa haitembei. Akavua blauzi, akalala kwenye godoro lile la sufi ndefu ubavuni mwa dada yake, akaweka mkono nyuma ya kichwa. Vidole vitatu. Viduara vidogo. Dada alifuata kwa macho kila mstari, na Kidole alipotaka kumaliza upesi akamwambia, "Na kwapani. Mvivu hafiki huko." Alipomaliza upande wa kulia akabadilisha mkono. Hakwenda haraka. Mvua ilipungua ikaongezeka.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Nitazame."

Kidole aligeuka. Nyuso zilikuwa karibu, pumzi ya dada ilikuwa na harufu ya dawa.

"Usinijibu kama nilivyokufundisha."

"Hakuna, dada. Kweli hakuna. Na siku kikiwepo nitasema."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Na kwa sista. Kwa Redio pia, ili ajue kila mtu."

Dada alicheka, na safari hii kicheko kilikwenda mpaka mwisho wake, kikaishia kwenye kikohozi. Mama aliinuka akampa dawa kwa kijiko, akampangusa mdomo.

"Na wewe mama," dada akasema.

"Mimi mzee."

"Matiti hayaulizi umri. Kidole atakufanyia."

"Nitakwenda kwa sista. Nimekwisha kusema nitakwenda, Jumatatu."

"Haya."

Dawa ilimchukua polepole. Kwanza mkono ukalegea, kisha kidevu. Dada akalala. Mama alikaa anahesabu pumzi zake, kisha hesabu ikampotea, kichwa kikaangukia kifuani, akalala kitini na sindano ikiwa bado vidoleni. Kidole akavaa blauzi, akanyata, akaichomoa sindano akaichoma kwenye kifuko chake, akamfunika Mheshimiwa miguu, akarudi kujilaza pale ukingoni.

Mkono wake ulikuwa juu ya godoro, na kwa mazoea ukaanza kutembea. Chini ya bega la dada ukakuta kidonge kidogo cha sufi, kimejisokota kwa jasho na kulaliwa. Akakizungushia vidole, taratibu asimwamshe mtu. Kilibonyea. Kikasogea. Kikanyambuka, kikaisha, pakawa laini kama hapakuwahi kuwa na kitu, na vidole vyake vikasimama hapohapo, naye akalala.